Kikao cha Kutazama Ushahidi

Katika ofisi ile ya malori pale Masasi, nyuma ya maghala ya korosho, watu walikuwa na adabu yao ya kumwendea Meneja. Hukufika mlangoni kwake kimya kimya. Ulianza kukohoa ukiwa bado kwenye korido, ukaburuta ndala, ukamsalimia mtu ambaye hayupo, kisha ukapiga hodi na kusubiri. Ndani ungesikia kiti kikilia na vitufe vya kompyuta vikibonyezwa haraka haraka, halafu sauti nzito ikisema karibu. Ukiingia ungemkuta Meneja Abdulatifu ametulia mbele ya ratiba ya malori, na jasho kidogo puani.

Hakuna aliyewahi kusema Meneja alikuwa akitazama nini. Haikuwa lazima. Siku moja alisahau kupunguza sauti, na mwanamke wa humo ndani ya kompyuta akasikika mpaka kwenye mizani. Mzee Silvesta wa ghalani akaiwasha palepale mashine ya kushonea magunia, ingawa hapakuwa na gunia la kushona, akaiacha ingurume mpaka mambo yakatulia. Agnes, aliyekaa mapokezi, aliliona hilo akaliweka moyoni. Kumfunika mtu aibu yake bila yeye kujua kwamba umemfunika si kazi ndogo, na Mzee Silvesta aliifanya bila kutikisa uso.

Agnes mwenyewe alikuwa mwenyeji wa Mkunya, kule juu Newala, aliyeolewa Masasi na kufiwa na mume hapohapo Masasi. Alibaki na binti mmoja, Salome, muuguzi Dodoma, ndiyo maana ofisini walimwita Mama Salome. Mkataba wake ulikuwa wa msimu kwa msimu. Kila mwaka aliomba Mungu uandikwe tena, na mwaka huu aliomba kwa sauti zaidi kwa sababu Salome alikuwa anaolewa.

Mwaka huohuo makao makuu yakaleta agizo. Mtu yeyote atakayekutwa akitazama mambo machafu mtandaoni saa za kazi, mkataba wake unavunjwa siku hiyohiyo. Kila tawi liunde kamati ya maadili, na mwenyekiti awe meneja.

Meneja Abdulatifu alilisoma agizo lile uani, mbele ya madereva na wabeba mizigo, kwa uchungu wa mtu aliyekuwa akililia siku zote.

"Kuna watu humu," alisema, "wanakula mshahara wa kampuni huku macho yao yako kwenye uchafu."

Watu waliangalia chini. Dereva mmoja alipatwa na kikohozi, mwenzake akamkanyaga mguu.

"Kuanzia leo hakuna kupiga hodi. Milango yote wazi. Nitakuwa napita."

Kweli akawa anapita. Alivaa viatu vya raba visivyo na mlio. Mambo yake mwenyewe, kwa tulivyosikia baadaye, aliyabakiza ya usiku tu, nyumbani kwenye simu.

Sasa, habari ya Salome ilikuwa hivi. Huko juu Newala binti haolewi hivihivi. Hata awe amesoma, hata awe na miaka ishirini na saba kama Salome, lazima afundwe na kungwi, aambiwe mambo ya nyumba na ya mume, mlango ukiwa umefungwa na wanaume wakiwa mbali. Lakini hospitali ilimpa Salome likizo ya siku chache tu za harusi yenyewe, na harusi ilikuwa hukohuko Dodoma. Alimpigia mama yake akilia.

"Mama, nitaolewa kama mtu aliyeokotwa."

Agnes akapanda basi mpaka Newala, akachukua bodaboda mpaka Mkunya, kwa Bi Rahima.

Bi Rahima ndiye aliyemfunda Agnes mwenyewe, na nusu ya wanawake wa ule upande, Waislamu kwa Wakristo, bila kuuliza nani anasali wapi. Alisikiliza huku akimenya muhogo. Mafundisho yale hayarekodiwi. Hilo halikuandikwa popote, lakini kila mwanamke alilijua. Makungwi wenzake wakisikia kwamba Bi Rahima amejiweka kwenye simu, wangemnyang'anya ngoma yake, na kungwi asiye na ngoma huitwa bibi tu, anaachwa alee wajukuu.

"Ukirekodi, nani ataona?" aliuliza.

"Salome peke yake. Akimaliza anafuta."

Bi Rahima akamenya kipande kingine. "Mtoto hawezi kwenda bila neno," akasema. "Funga mlango."

Akawaita bibi wawili anaowaamini, wakajifunga kanga viunoni, ngoma ikapigwa taratibu isisikike barabarani, na Agnes akashika simu kwa mikono miwili. Wale bibi magoti yao yalikuwa mabovu, lakini ngoma ilipokolea waliyasahau.

Tatizo ni kwamba Bi Rahima naye, katikati ya mafundisho, aliisahau simu. Akaanza kutoa mifano. Kungwi mzuri hutoa mifano, na mfano mzuri ni wa mtu unayemjua. Naye Bi Rahima alikuwa na binti aliyeolewa Masasi, Mama Ashiru, na mume wa Mama Ashiru hakuwa mwingine ila Meneja Abdulatifu.

Lazima ieleweke jinsi Meneja alivyomheshimu mama mkwe wake. Akikutana naye njiani alishuka pembeni mpaka apite. Hakuwahi kula mbele yake. Mara moja, hospitalini, alisimama juani mpaka wagonjwa wote wakahudumiwa, kwa sababu Bi Rahima alikuwa amekaa kwenye benchi la ndani. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, na katika hilo Abdulatifu hakuwa na dosari.

Agnes aliporudi Masasi aliitazama ile video akaona kwamba haiwezi kwenda Dodoma vile ilivyo. Salome alimjua Mama Ashiru, na mume wa Mama Ashiru alikuwa bosi wa mama yake. Mfano ule lazima ukatwe. Si kwa kumwogopa Meneja; aliona tu si vizuri mtoto amjue mtu mzima kwa upande ule. Halfani, kijana wa hesabu aliyetoka Morogoro, alikuwa amemfundisha kukata video za malori kwenye kompyuta. Basi siku moja saa ya chakula, wenzake wakiwa kwa mama ntilie, Agnes akaihamishia video kwenye kompyuta ya mapokezi, akaishusha sauti, akaanza kutafuta pa kukata.

Viatu vya raba havikumpa taarifa.

Meneja alisimama nyuma yake. Kutoka pale, alichoona ni migongo mitatu ya wanawake, kanga chini ya viuno, na viuno vyenyewe vikizunguka. Hakuona sura. Hakujua kwamba vile viuno, ukivijumlisha, vilikuwa na umri wa zaidi ya miaka mia mbili.

"Mama Salome," alisema.

Agnes akazima kioo.

"Wewe. Mtu mzima. Mjane. Muumini wa kanisa."

"Meneja, naomba nikueleze."

"Eleza. Ni nini hicho?"

Agnes angesema ni mafundisho, angeulizwa ya nani. Angemtaja Bi Rahima, angekuwa amemuuza mzee wa watu aliyemwamini, tena kwa mkwewe, ambaye hakupaswa hata kujua kwamba mama mkwe wake ana kiuno.

"Siwezi kusema," akajibu. "Ila nakuomba kitu kimoja, Baba Ashiru. Usiifungue."

"Kuanzia sasa niite Meneja." Akamwita Halfani. "Beba hii kompyuta upeleke ofisini kwangu. Kesho kamati inakaa."

Halfani akaja, macho chini. "Shikamoo Mama Salome," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana siku hiyo.

"Marahaba mwanangu."

Akazikunja nyaya polepole, moja moja, kama mtu anayemkunjia mama yake nguo. Agnes aliliona hilo pia.

Jioni ile Mzee Silvesta alipita mapokezi na kipande cha muhogo wa kuchoma kwenye gazeti.

"Wanasema umekutwa na watu uchi."

"Hawakuwa uchi, Mzee Silvesta."

"Nimesema wanasema." Mzee akakaa kwenye gunia. "Mimi nimo kwenye hiyo kamati. Nitaona nini kesho?"

"Wewe ni mtu wa Newala," Agnes akasema. "Ukisikia ngoma, utaijua. Ukiijua, geuka."

Mzee Silvesta akatikisa kichwa kukubali. "Sasa si umwambie Meneja, kazi yako ipone?"

"Kazi ni yangu. Maneno si yangu."

"Haya. Kula muhogo."

Kesho yake kamati ilikaa, na haijawahi kutokea kamati iliyohudhuriwa vile. Wajumbe walikuwa watatu tu, Meneja, Halfani na Mzee Silvesta, lakini dereva mmoja alikumbuka kwamba ana barua ya kusainiwa, mwingine akaja kupima dirisha ambalo halikuwa limevunjika. Meneja akawafukuza. Halfani alikuwa ameunganisha spika.

"Za nini?" akauliza Mzee Silvesta.

"Meneja kasema ushahidi usikike vizuri."

Agnes aliwekewa kiti karibu na mlango. Alikuwa amevaa gauni lake la Jumapili, akiwaza kwamba kama ni kufukuzwa, afukuzwe akiwa nadhifu.

"Una la kusema kabla hatujatazama?" Meneja akauliza.

"Naomba atazame mwanamke, halafu yeye awaambie kama kuna uchafu."

"Kamati haina mwanamke."

"Basi mkeo yupo nyumbani, hapa na hapa. Aitwe yeye."

Meneja akacheka kidogo. "Mke wangu nimlete atazame takataka? Mama Salome, hayo ndiyo yanayokuharibu. Sisi hatutazami kwa kupenda. Tunatazama kwa niaba ya kampuni." Akavuta kiti mbele. "Halfani, washa."

Ngoma ikaanza. Kwa mpigo wa kwanza tu Mzee Silvesta akasimama, akakigeuza kiti chake kikaelekea ukutani, akaketi akitazama kalenda.

"Mzee, vipi?" Meneja akauliza bila kugeuka.

"Mimi mjumbe wa kusikiliza. Na sikio lenyewe ni hili bovu."

Kwenye kioo ile migongo mitatu ikazunguka, ikazunguka tena, na Meneja akainamisha kichwa kama anayesoma maandishi madogo. Kisha ngoma ikanyamaza. Mwanamke wa katikati akageuka, akavuta pumzi, akaikaza kanga yake, na sura ya Bi Rahima ikajaa kioo kizima.

Meneja Abdulatifu alisimama. Kwa mazoea ya miaka alitaka kushuka pembeni ampishe mama mkwe apite, lakini pembeni kulikuwa na kabati. Akabaki amebanwa pale, ameinamisha macho, mikono mbele, kama mtu aliyekutwa njiani.

"Zima," akasema kwa sauti ndogo.

Halfani, ambaye hakumjua Bi Rahima na alidhani bosi kaumwa tumbo, akakimbilia vitufe, akabonyeza kisichostahili. Picha ikapotea. Sauti ikabaki, tena kwenye spika mbili.

"Salome mwanangu," Bi Rahima alikuwa anasema, kwa upole wake, "ukimkuta mumeo ana simu, usigombane na simu. Lakini uijue. Wako wanaume wa siku hizi wanawatazama wanawake wa kwenye simu mpaka mke wa ndani anakuwa kama ukuta. Mmoja nimemwozesha binti yangu mwenyewe. Ana kiti cha kuzunguka pale Masasi. Mkwe wangu yule kwa heshima hana mfano, akiniona anaingia kichakani. Ila usiku anaishika ile simu, na mwanangu analala kama gunia ambalo halijapelekwa mizani. Mwanangu ananililia mimi. Mimi nimwambieje? Mkwe haambiwi."

Halfani akachomoa waya ukutani. Nje mtu wa dirishani alikuwa ameacha kupima.

Agnes alitazama sakafu. Alidhani angefurahi kidogo, maana ni binadamu, lakini alipoinua macho alimwona Abdulatifu bado ameegemea kabati, uso umemshuka, na akamwonea huruma kama mtoto aliyejikojolea mbele za watu.

Mzee Silvesta ndiye aliyeongea, akiwa bado anatazama kalenda.

"Wameshamaliza? Maana mimi nimesikia ngoma tu, kisha ikaja kelele ya spika."

Halfani alimtazama mzee, akamtazama Meneja, na kwa ujana wake wote akaelewa. "Spika ni mbovu hizi," akasema. "Hata mimi sikupata kitu."

"Basi tuandike," Mzee Silvesta akaendelea. "Kamati imetazama. Ni ngoma ya bibi zetu. Mwenye nayo asitumie kompyuta ya kampuni kwa mambo ya harusi. Inatosha, Mwenyekiti?"

Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali. Akaichukua kompyuta mwenyewe, akaibeba kwa mikono miwili mpaka mapokezi, akaiweka mezani mahali pake. Agnes alimfuata. Pale, wakiwa wawili tu, Abdulatifu akasema, macho yakiwa kwenye mlango, "Uliniomba nisiifungue."

"Nilikuomba, Meneja."

"Ulikuwa unafanya nini ulipokutwa?"

"Nilikuwa nakata hicho kipande. Salome asikisikie."

"Niite Baba Ashiru," akasema, akaondoka.

Kazi ya Agnes ikapona. Lakini jambo lenyewe lilikuwa bado halijapona, kwa sababu Bi Rahima hakujua kilichotokea, na Agnes hakuweza kulala na hilo. Jumamosi alipanda Mkunya, akamweleza yote, hata spika hakuzificha.

Bi Rahima alikuwa anapeta mahindi. Ungo ukasimama.

"Kwa hiyo kasikia."

"Kasikia, Bibi."

"Yote?"

"Mpaka gunia na mizani."

Bibi akaziba uso kwa upande wa kanga. Agnes alidhani analia, akasogea kumshika. Mabega yalikuwa yanatikisika kweli, lakini alipoishusha kanga machozi yale yalikuwa ya aina nyingine, au labda ya aina zote mbili.

"Miaka yote hiyo natafuta mtu wa kumwambia," akasema. "Wajomba wa binti yangu wanamwogopa, ana cheo. Shehe alisema atazungumza naye, akapewa lifti ya gari, akasahau. Kumbe alikuwa anahitaji kamati."

"Je, makungwi wenzako wakisikia?"

"Nani atawaambia?"

"Mzee Silvesta sikio lake bovu. Halfani spika zake mbovu."

"Mungu awape hayohayo masikio." Akaurudia ungo, akapeta kidogo, akaacha tena. Sasa uso ulikuwa umetulia. "Lakini nilikosea, Agnes. Neno hili si la kutuma. Ukilituma linakwenda hata usikolipeleka. Ifute."

Agnes akatoa simu, akafuta mbele yake. Ya kwenye kompyuta alikuwa ameshaifuta.

"Na Salome?" akauliza.

"Dodoma ni mbali?"

"Mbali sana, Bibi. Mpaka Dar, ndipo upande basi jingine."

"Sijawahi kuvuka Mtwara," Bi Rahima akasema. "Ila magoti yakikaa kwenye basi hayatembei. Kanunue tiketi mbili."

Agnes aliomba ruhusa ya kusafiri akijua itakuwa shida, msimu ukiwa umepamba moto. Baba Ashiru alisaini kabla hajamaliza kueleza. Na asubuhi ya safari, pale stendi ya Masasi, milima ya mawe ikiwa ndiyo kwanza inapata jua, walimkuta amefika kabla yao. Alikuwa amesimama mbali na basi, mgongo upande wao, akitazama mlima kama anayeukagua.

Mama Ashiru alikuwa naye. Ndiye aliyemkumbatia mama yake, akampa chupa ya chai na mkate. Abdulatifu alisubiri mpaka Bi Rahima akatazama kwingine, ndipo akaja kwa kunyata, akaubeba mzigo wake na ile ngoma iliyofungwa kwenye shuka, akaviingiza ndani ya basi mwenyewe. Kondakta alitaka kuitupa ngoma kwenye buti. Abdulatifu akamkatalia. Akaiweka juu ya kiti, akaifunga mkanda.

Akarudi kusimama hatua chache, macho kwenye mlima.

"Agnes," Bi Rahima akasema, naye akitazama upande mwingine, "mwambie mkwe wangu nashukuru."

"Bibi anashukuru," Agnes akasema, ingawa mtu mwenyewe alikuwa anasikia wazi.

"Mwambie mama hakuna shida. Mwambie afike salama," Abdulatifu akajibu.

"Mwambie nimeona leo mikono yake iko mitupu," Bi Rahima akasema.

Agnes akasita, kisha akafikisha. Abdulatifu akainamisha kichwa. Mama Ashiru akatazama vidole vyake, akitabasamu kidogo kwa namna ambayo Agnes hakuwahi kuiona kwake.

"Mwambie mama," Abdulatifu akasema polepole, "simu anakaa nayo mwanawe. Mimi naiomba nikiwa na kazi."

Bi Rahima aliipanda ngazi ya basi kwa shida, goti baada ya goti, na alipofika juu akasimama kidogo mlangoni, mgongo kwa mkwewe, akaikaza kanga yake vizuri, akaingia.